Kiraka Nyuma ya Stempu

Mpendwa Wambui,

Huku Molo tuko salama. Viazi tumeshachimba, baridi ni ile ile, na guka, babu yako, bado anabishana na redio.

Nimeona picha za stempu zangu ulizonitumia. Kuziweka juu ya kioo na kuwasha tochi chini yake, hapo umetumia akili. Unauliza lile doa jeusi kwenye stempu moja ni la nini, na kama ulifute kwenye picha kabla hujamtumia mnunuzi. Usilifute. Hicho ni kiraka changu.

Nikiwa msichana niliibandua stempu hiyo kwenye bahasha bila kuiloweka, ikapasuka. Nikaiziba nyuma kwa kipande cha karatasi ya daftari na uji mzito, kisha nikabadilishana na rafiki yangu Chebet, akanipa yake nzima. Kesho yake darasani aliiinua dirishani, jua likapita ndani yake. Akacheka. "Wewe, hii imeshonwa!" Akanirudishia, na yake hakuidai. Jioni niliipeleka hiyo yake kwao mwenyewe.

Basi mwonyeshe mnunuzi picha yenye kiraka. Akiikataa stempu, niletee. Chebet huja hapa kila Jumapili, na angependa kuiona tena.

Bibi yako, Shosho