Jenerali Ametangulia

3 Machi

Mkamwana wangu,

Habari za huko? Mume wako kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika nikikaa kwenye cherehani.

Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwisho wa Mei. Mume wako anasema nihamie kwenu. Sawa, lakini sungura wangu namtanguliza. Dereva wa lori atakuletea Jenerali Jumamosi. Amekwisha kuhasiwa, ila hajawahi kukaa na mwenzake, na huyo sungura wako Bi Mkubwa nasikia hana simile. Usiwakutanishe haraka. Weka waya katikati, uwabadilishie matandiko wazoeane harufu. Wakila kwa utulivu pande zote mbili za waya wiki mbili, wakutanishe mahali ambapo hakuna aliyewahi kulala, dakika kumi tu. Wakishindwana nirudishie Jenerali, nami nitatafuta chumba huku. Simwachi.

Mama yako

20 Machi

Mama mpendwa, shikamoo.

Natumaini magoti yamepata nafuu. Sisi hatujambo, kifua kimepona. Jenerali alifika salama. Anakula vizuri, analala vizuri, na Bi Mkubwa amempokea vizuri. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mkamwana wako mtiifu

28 Machi

Mkamwana wangu,

Marahaba. Nimeshona sare za shule miaka thelathini, na hiyo barua yako imepigwa pasi kabla ya kushonwa. Sungura wawili hawapatani upesi hivyo bila kung'oana hata unyoya. Nimemuuliza mume wako kwenye simu, akaanza kukohoa upya. Hajui kusema uongo, karithi kwangu. Niambie kilichotokea.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kukungojesha. Barua hii nimeianza mara nne.

Jenerali alipofika niliona haya. Sungura wa mama mkwe nimfungie bafuni nyuma ya waya, kama mwizi? Nikamhamishia Bi Mkubwa jikoni, nikampa Jenerali kijumba cha Bi Mkubwa, na taulo mpya juu. Siku ya tatu nikafungua mlango. Bi Mkubwa akaingia, akamkuta mtu kitandani kwake. Sijawahi kuona manyoya yakiruka vile. Nikaingiza mkono kuwaachanisha, nikang'atwa kidole gumba, na Jenerali akachanika sikio. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi mbili. Ameshapona na anakula, hilo nakuapia.

Mume wangu nilimkataza asikwambie. Niliogopa ukijua hutakuja, tena nikaogopa kwamba utakuja. Nakuogopa, Mama. Tangu harusi nakuogopa.

Mkamwana wako

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya kidole. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Kosa lako ni adabu iliyozidi: ulimpa mgeni kitanda cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Anza upya. Wasionane kabisa wiki mbili, kisha waya na matandiko, kisha bafuni, sakafu ikiwa imeoshwa. Kaa nao, uvae glavu nene. Wakifukuzana kidogo waache. Wakianza kuzungukana na kung'atana, tupa taulo juu yao uwatenganishe, kesho urudie.

Jambo jingine. Mume wako amekohoa tena, nikambana mpaka akasema mnalala sebuleni ili chumba chenu kiwe changu. Rudini leo. Mimi mama mkwe wangu nilimpa chumba changu. Miaka tisa nilikunja godoro sebuleni kila asubuhi huku natabasamu, na alipokufa sikuweza kulia. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi.

Mama yako

26 Mei

Mama, shikamoo.

Magoti yanasemaje? Sisi wazima.

Mkutano wa kwanza walipeana migongo dakika kumi nzima. Wa nne Bi Mkubwa alimfukuza Jenerali mpaka nyuma ya beseni, nami nikangoja na taulo yangu mkononi. Leo ni siku ya tatu wanalala ubavu kwa ubavu na kula bakuli moja.

Tumerudi chumbani kwetu. Wewe nimekutengea chumba cha nyuma, tulichokuwa tukianikia nguo. Ni kidogo na mchana kina joto. Asubuhi huwa sisemi na mtu mpaka nimalize chai, na sipendi sufuria zangu zihamishwe. Najua utanikera, nami nitakukera. Nitakwambia siku hiyo hiyo, nawe uniambie.

Tunakungoja Jumamosi.

Mwanao