Kiu Iliyookoa Akiba Yako

Tegeta,
Dar es Salaam.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Ferdinand,

Marahaba naitanguliza, maana najua utaanza kuisoma barua hii kwa shikamoo. Habari za Sumbawanga na baridi yake? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea tena bila fimbo, na kila mgeni lazima aonyeshwe.

Nimechelewa kukujibu kuhusu kiwanja kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninachokuambia. Ulinituma Jumamosi ya wiki iliyopita nikusainie mkataba na kulipa akiba yako ya miaka sita, ili uanze kujenga vyumba vya kupangisha. Sikusaini. Naomba unisome hadi mwisho kabla ya kunikasirikia.

Salumu, yule dalali wako, alinipokea vizuri. Karatasi zilikuwa na mihuri, muuzaji alikuwepo, na kama ilivyo desturi, majirani waliitwa kushuhudia mipaka. Jirani wa mashariki, bwana mmoja mpole aitwaye Adelard, alikwisha kusaini. Nami nilikuwa nimeshika kalamu. Jua lilikuwa kali, nikamwomba Adelard maji ya kunywa, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa pale pale.

Akamtazama Salumu. Kisha akaenda, akauzunguka ukuta mara mbili akitafuta geti. Alipolipata, mbwa wa nyumba hiyo “yake” akamtimua hadi barabarani. Nilicheka kabla sijaelewa.

Kelele zikamtoa mwenye nyumba, Tupokigwe, mikono imejaa unga wa ngano.

“Dada, mtu huyu simjui,” akaniambia, “na mbwa wangu naye hamjui.”

Akanionyesha jiwe la mpaka lililofunikwa na majani. Ule upande mzuri tulioonyeshwa, hatua kumi na mbili nzima, ni wake. Ndiyo maana hakuitwa. Salumu alidai kwamba naye kadanganywa na muuzaji. Huenda ni kweli. Nimelifikiria wiki nzima na bado sina hakika.

Nina hakika na jambo moja tu: sikuokolewa na shahada yangu ya chuo. Mihuri ilikuwa imenitosha kabisa. Niliokolewa na kiu. Kwa hiyo upime mwenyewe ushauri wangu kwa mtu anayeanza: usinunue kwa picha za simu; ulizia ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani na kina ukubwa gani; ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache afike. Na majirani uwatafute wewe, usiletewe.

Tupokigwe alinikaribisha maandazi, akanitajia kiwanja kingine mtaani kwake, kidogo zaidi, ila kimepimwa. Sikisifii, kwani hata maandazi yanaweza kunipofusha.

“Mwambie mdogo wako aje tunywe chai,” alisema. “Mie jirani simpokei kwenye karatasi.”

Akiba yako iko benki kama ulivyoiacha. Mama na shangazi Rosalia wanakusalimu sana. Mwanangu Kasiani naye anakusalimu, ingawa siku hizi kazi yake ni kuigiza Adelard anavyokimbia.

Mungu akulinde, akulete salama wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimekolea, tuone maji yanapita wapi kwenye hicho kiwanja cha pili. Uje na viatu vya matope, na uje na kiu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Herieth