Makohozi ya Asubuhi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Kibonge wako sasa anatembea, na akianguka anajipigia makofi mwenyewe.

Kile kikohozi cha mama hakikusikia dawa za dukani, kwa hiyo nilimpeleka hospitali. Alipewa kikopo cha makohozi. Unamjua mama na aibu zake: alijificha nyuma ya mlango akatema mate kidogo. Mama wa maabara alikiinua kikopo kwenye mwanga.

"Mama wee, umeniletea mate! Mate hayana habari. Kesho ukiamka, kohoa kutoka kifuani kabisa."

"Mbele za watu?"

"Nenda uani. Kuku hawasemi."

Mama alicheka, akafanya hivyo. Majibu ni kifua kikuu. Ameanza dawa, na daktari anasema akizimaliza atapona.

Lakini dada, tangu uondoke Kibonge analala kitanda kimoja na mama. Sasa naye anakohoa, na mashavu yamekwisha. Mtoto mdogo hajui kutema, kwa hiyo Jumatatu watampitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, wavute makohozi aliyoyameza usiku, maabara wayapime. Mama hana nguvu, nitamshika mimi. Naogopa, ila nitamshika.

Nimempa kondakta barua hii ili ikufikie mapema. Sikulaumu kwa kukaa kimya. Ila Jumatatu mwanao atalia "mama", na mimi siwezi kuitika. Njoo uitike wewe.

Mdogo wako akupendaye