Kuweza Naweza, Ruhusa Je?

Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, sasa imeacha matope tu. Nimekaa barazani na daftari hili magotini. Nataka kuandika kabla sijasahau hata neno moja.

Juma lililopita nilikwenda kwenye ofisi moja mjini iliyokuwa inatafuta mtu wa kupiga mashini ya kuandikia barua. Karani, mzee mpole aliyevaa abakosti ya kijivu, lile koti lisilo na tai, aliniuliza kwa kuniita raia kama serikali inavyotaka, "Sitwayeni Feza, unaweza kupiga mashini?"

"Naweza," nikajibu. Nilifundishwa na masista kabla sijaolewa.

"Kuweza unaweza. Lakini bwana yako anaruhusu? Muke wa ndoa haingie kazi bila saini ya bwana. Njo sheria, ndivyo ilivyo."

Akanipa karatasi ya kusainiwa. Nilirudi nayo nyumbani nimeikunja ndani ya kitambaa cha kichwa.

Bwana yangu, Kayembe, ni mtu wa reli. Miezi minane iliyopita mkono wake wa kuume ulibanwa kati ya mabehewa mawili. Vidole havikunjiki tena. Anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na wageni wakija anauficha ule mwingine chini ya meza. Ningeanzaje kumwomba saini?

Naungama hapa: sikumwomba. Nilianza kuiga saini yake nyuma ya kalenda ya zamani. Siku ya tatu niliipata sawasawa, hata mimi nilishtuka.

Niliweza. Ruhusa sikuwa nayo.

Jana asubuhi akaikuta ile kalenda.

"Feza, hii njo nini?"

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Mwisho nikauliza, "Sasa naweza kufanya kazi?"

"Unaweza sana. Hata ukipika, vidole vyako vinapiga mashini juu ya meza."

"Siulizi kama naweza, Kayembe. Naomba ruhusa."

"Kwa ajili ya karatasi yao, nakuruhusu. Lakini humu nyumbani usiniombe kama mutoto anaomba baba yake."

Kisha akaivuta karatasi, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. "Naweza kujaribu?" akauliza, taratibu.

Sikujua kama ananiomba ruhusa au anajiuliza kama mkono utakubali. Nikamshikia karatasi isiteleze. Alijaribu kwanza pembeni mwa kalenda, mara nyingi, mpaka jua likapanda. Alipoandika kwenye karatasi yenyewe, herufi zilitoka zimelala upande, kubwa kama za mtoto wa shule.

Leo tulikwenda pamoja ofisini. Yeye alibaki nje, mkono ndani ya mfuko.

Karani akalinganisha saini na kitambulisho cha Kayembe nilichokuja nacho, akatikisa kichwa. "Haifanane. Nani ameandika hii?"

Mtu aliyekaa siku tatu anaiga saini ya mumewe anajitetea kwa mdomo gani? Nilibaki nimetazama chini kama mwizi, na saini ile ilikuwa ya kweli.

Nadhani swali la karani lilisikika hadi nje. Mlango ukafunguliwa, Kayembe akaingia. Akautoa mkono wa kuume mfukoni, akauweka juu ya meza, mbele ya watu wote waliokuwa wanangoja.

"Mukono wangu njo huu, Sitwayeni. Unipe kalamu, niandike ukiona."

Akaandika kwa kushoto, jasho linamtiririka. Karani akainuka kwenye kiti, akabaki amesimama mpaka herufi ya mwisho. Kisha akagonga muhuri.

"Jumatatu, Mama Feza. Usichelewe."

Kurudi tulipita sokoni. Utelezi ulikuwa mwingi, nikayumba, naye akanishika. Kwa mkono ule ule. Tangu ajali hakuwahi kuniacha niuguse, hata kuupaka mafuta. Leo tumetembea hivyo hadi nyumbani, vidole vyake vigumu ndani ya vyangu, watu wanatutazama.

Miezi minane yote hii, nilikuwa nangoja nini kumuuliza wazi, "Naweza kuushika?"