Mkia wa Herufi g

Jumatatu, 4 Machi 1974
Madaftari thelathini na nane ya darasa la pili. Herufi g tu, ukurasa mzima. Mkia uzame chini ya mstari, upinde kushoto, uishie hapo. Miaka kumi na moja nafundisha mkia huo, asubuhi kwa watoto, jioni kwa wazazi wao wa kisomo cha watu wazima. Nimechoka, lakini unapendeza.

Pili wa darasa la sita hajaja. Mwalimu Mkuu anasema kavunjika mkono akicheza rede.

Jumanne, 5 Machi
Si rede. Nimepita kwao, nimemkuta kafungwa mkono kwa vibanzi. Mama yake hakutaka kusema. Pili akasema mwenyewe. Alikuwa anapandisha debe la samadi kwenye shamba la kabichi, kule juu kwenye mteremko mkali, akateleza. Saa za masomo. Kwenye ratiba tunaandika "kujitegemea", lakini shamba lile si la shule. Ni la Mwalimu Mkuu. Atakayesema atachapwa mbele ya shule nzima, ndivyo watoto walivyoambiwa.

Nilijua. Si yote, ila niliwaona wakirudi na matope hadi magotini, nikanyamaza. Naona aibu. Masika yanaanza, na mlima huu ukishiba maji haumshiki mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Mwaka juzi mwalimu mwenzetu alimpinga Mwalimu Mkuu hadharani. Mwezi haukuisha, akapata uhamisho wa Kigoma. Mimi nina Mama. Macho yake hayaoni tena na hana mwingine. Nikihamishwa, nani atamshika mkono hata kwenda chooni?

Kuna sanduku la maoni nje ya ofisi ya kata. Limetundikwa tangu mwaka jana. Mpaka leo wenye maoni ni buibui.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwandikia afisa elimu habari za shamba na mkono wa Pili. Bila jina. Kwanza kwa mkono wa kushoto. Haikusomeka. Kisha wa kulia, nikijitahidi kuharibu herufi. Sikuweza. Mstari wa pili tu mkono ukarudia mazoea yake, g zimepinda vizuri ajabu. Majivuno ya kijinga. Nimeitumbukiza hivyo hivyo, nikaenda zangu kununua chumvi.

Jumatano, 13 Machi
Katibu Kata kafungua sanduku. Barua moja tu. Badala ya kuipeleka kwa afisa elimu, kampa Mwalimu Mkuu mwenyewe. Eti mambo ya shule yamalizwe shuleni. Namchukia Katibu huyu kuliko ninavyoweza kuungama kwa padre.

Mwalimu Mkuu kaja nayo chumba cha walimu. Katupitishia tuione, kisha katutaka kila mmoja atoe andalio lake la somo. Langu kalikodolea macho muda mrefu. Kesho kamati ya shule.

Chakula cha jioni nimekiacha. Mama nimemwambia maharage hayakuiva.

Alhamisi, 14 Machi
Niandike kabla sijasahau hata neno moja.

Kamati ilikaa saa kumi, saa ya kisomo, kwa hiyo wanakisomo wangu nao walikuwapo, madaftari kwapani. Mwalimu Mkuu aliinua barua na andalio langu, akauliza kama kuna asiyeona kuwa aliyeandika ni mmoja. Kila mtu aliona. Hata mimi niliona.

Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kamati, akaomba barua. Huyu alianza kisomo mwaka juzi hajui hata kuandika jina lake. Akaisoma taratibu, kidole juu ya maneno. Kisha akafungua daftari lake, akaliweka kando ya barua. Akamwita Bi Mwanaidi alete lake. Wengine wakaleta bila kuitwa. Meza ikajaa madaftari, na mkia wa g ni ule ule mmoja.

"Ndugu Mwalimu Mkuu," akasema, "kwa mwandiko huu, barua ni yangu. Na ya Bi Mwanaidi. Na ya watoto wako wote."

Bi Mwanaidi akakataa, akasema g zake yeye ni nzuri zaidi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshikilia benchi.

Mzee Kibwana hakucheka. "Aliyeandika tumemkosa," akasema. "Yaliyoandikwa tunayo. Je, ni kweli?"

Mwalimu Mkuu akaanza habari za nidhamu. Mama yake Pili akasimama, akaeleza kwa Kiluguru, maneno machache: debe, mteremko, mkono. Akakaa. Akasimama mzazi mwingine. Kisha mwingine. Wakakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayepanda tena kule, na kwamba afisa elimu aitwe.

Kutoka nje nilimwamkia Mzee Kibwana. Akaitikia marahaba, akauliza hali ya Mama. Sijui kama anajua.

Jumamosi, 16 Machi
Nimelala kama gogo. Mvua ilinyesha usiku kucha, sikuisikia. Asubuhi wamekuja kusema sehemu ya juu ya shamba lile imeporomoka hadi kijitoni, kabichi na mawe. Hakukuwa na mtoto. Nilikaa chini pale jikoni nikalia. Mama akadhani ni moshi, akaniambia nipulize moto vizuri.

Ijumaa, 29 Machi
Afisa elimu alikuja. Aliongea na watoto, sisi walimu tukabaki nje. Mwalimu Mkuu kahamishiwa kazi ya ofisini, mjini. Nilitaka zaidi ya hapo, sitajidanganya. Lakini yuko mbali na watoto. Mimi nipo, na Mama yupo.

Jumatatu, 8 Aprili
Kamati imetaka sanduku liwe pale shuleni, na lisifunguliwe na mtu mmoja peke yake. Leo tumelifungua. Barua mbili. Moja inaomba choo cha wasichana kiwekwe mlango. Ya pili ni juu yangu, inasema: "Mwalimu Theresia aache kutufinya masikio tukikosea herufi. Inauma."

Mwandiko safi sana. Nilikasirika hadi masikio yangu yakawaka. Kisha nikacheka, peke yangu, mpaka nikatokwa na machozi.

Kuna watoto kama wanne wanaoweza kuandika hivyo, na mmoja ananikwepa macho tangu asubuhi. Nimerudi darasani, nimepita kati ya madawati, mikono nyuma. Sikuuliza ni nani.