Yusufu Ana Baba Wawili Ukutani

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako upesi maana kopo la rangi ya njano limeshafunguliwa na nikichelewa litaganda.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi, kanisa letu limenipa kazi ya kuandika ukoo wa Yesu katika chumba cha watoto, kushoto kwa mlango kama alivyoandika Mathayo, kulia kama Luka, nikaona kazi nyepesi, majina tu, nikaanza kushoto na Ibrahimu kule juu, nikateremka na ngazi vizuri hadi Yakobo na mwanawe Yusufu, nikahamia kulia, huko unaanzia chini, nikaandika Yesu, nikaandika Yusufu, kufungua Luka nimtafute baba yake naambiwa ni Eli. Nikadhani nimeruka mstari, nikasoma tena, Eli, na babu naye si yule, na huko juu kwa Daudi mmoja kapitia kwa Sulemani mwingine kwa Nathani, basi mzee wa kanisa akasema Eli alikuwa mkwe tu, baba yake Mariamu, mwalimu wa watoto akasema hapana, Yakobo na Eli walikuwa ndugu, mmoja akafa bila mtoto, mwenzake akamchukua mjane, kwa hiyo mmoja ni baba wa damu na mwingine ni baba wa sheria, wakabishana juu ya ndoo zangu mpaka chai ikapoa, mimi nikauliza swali moja tu, kwamba Yusufu alipougua utotoni alibebwa na nani, wakaniangalia kana kwamba nimemwaga rangi.

Tangu hapo mkono umegoma, nafasi ya Eli iko wazi, na mchungaji anataka ukuta uishe kabla ya wiki ijayo kwa sababu, ingawa hili si muhimu sana, binti yetu anafunga ndoa kanisani humo humo. Nilipomuoa mama yake, mtoto alikuwa hajaota meno, baba yake alishakwenda zake, sasa yule bwana amerudi, kavaa vizuri, ana sauti nzuri, kakaa kwenye kiti changu akasema damu nzito kuliko maji na yeye ndiye atakayemshika binti mkono kumpeleka mbele, nikamwambia sina neno. Mke wangu hasemi na mimi tangu siku hiyo, binti aliniuliza tu, "Baba, suti umeshaipeleka ikapunguzwe?" nikamwambia nimebanwa na ukuta, akaondoka. Sasa Shangazi, niandike Eli au nirudie Yakobo?

Ni mimi,
Fundi Rangi, juu ya ngazi

SHANGAZI ANAJIBU:

Fundi, shuka kwanza. Mtu hashauriwi akiwa juu ya ngazi.

Watu walibishana juu ya Eli kabla babu yako hajazaliwa, na Eli mwenyewe hajaniandikia kulalamika. Aliyebanwa ni wewe. Nilipofika hapo uliposema harusi ya binti yako "si muhimu sana", niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Nani alimbeba Yusufu akiwa na homa, mimi sijui. Nani alimbeba binti huyo, wewe unajua, na ndiyo maana swali lilikutoka.

Pole, baba. Inauma kulea mtoto mpaka avae shela, halafu mtu aje na viatu vipya kudai mkono wake. Lakini nani alikutuma useme huna neno? Neno unalo, umeniletea mimi badala ya kumpa mwenyewe! Mmekaa wanaume wawili mkagawana mkono wa mtu bila kumuuliza mwenye mkono. Na yeye, bila kuulizwa, ameshajibu. Bibi harusi hahangaikii suti ya mtu atakayekaa nyuma.

Yule bwana usimtukane. Ni baba yake, hilo halifutiki hata kwa rangi nyeupe. Apewe kiti cha mbele, ale ashibe. Ila kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wewe kazi hiyo ulishaimaliza.

Ukuta uandike kama ulivyoagizwa, Yakobo kushoto, Eli kulia. Ukimaliza, simama mlangoni utazame. Pande hizo mbili hazipatani baba wa Yusufu ni nani, wala babu yake. Zinapatana kwamba huwezi kumfikia Yesu bila kupita kwa Yusufu, na mtoto yule Yusufu hakumzaa, alimlea tu. Hakuna aliyethubutu kuliruka jina lake, si kushoto, si kulia. Wewe unataka kuliruka lako mwenyewe.

Leo hii mwambie yule bwana kwamba neno unalo. Mwombe mkeo radhi. Kisha itoe hiyo njano mikononi kwa mafuta ya taa, unawe kwa sabuni, uipeleke suti kwa fundi.