Mikia ya Watoto wa Bibi Harusi

Nyumbani, nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya yote nijulishe hali yako. Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Na yule mpishi wa kambini, bado anaunguza chakula halafu anawalaumu nyinyi kwa kuchelewa kufika mezani? Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Baba unamsumbua akitoka chini ya gari, lakini ukimuuliza anakuambia kinachoumwa ni gari.

Shangazi ana kazi nyingi. Ameletewa sare za shule za kushona, na cherehani inalia kutoka asubuhi mpaka saa ya chakula. Mimi nimemaliza mitihani. Nadhani nimefanya vizuri, ila hesabu namwachia Mungu.

Habari kubwa ni kwamba kondoo wako Bibi Harusi amezaa. Mapacha, majike wote wawili! Mmoja ana doa jeusi kwenye jicho, mwenzake ni mweupe mwili mzima. Mikia yao ilikuwa mirefu kama wa mama yao, karibu iguse chini.

Najua umeona nimeandika "ilikuwa". Kaka, tafadhali usiikunje barua. Isome mpaka mwisho.

Sijasahau nilichokuahidi siku unaondoka. Uliniambia, "Miwani, asije mtu akamgusa kondoo wangu mkia," nami nikakubali bila kusita. Hata mimi namkumbuka yule mwanakondoo wa jirani aliyekatwa mkia kwa kisu, akavuja damu mpaka akafa mikononi mwako. Hukula siku ile.

Lakini kuna jambo ambalo hatukukuandikia, kwa sababu Baba alisema tusikutie wasiwasi. Mvua zilipoanza, Bibi Harusi alikula majani mabichi kupita kiasi akaharisha. Ule mkia wake mrefu ukalowa uchafu, manyoya yakashikana. Nilimwona anapigapiga miguu na kugeuka kujing'ata, nikadhani ni viroboto. Nilipouinua mkia nikakuta funza, Kaka. Walikuwa wameshaingia kwenye nyama. Daktari wa mifugo alimnyoa na kumsafisha, na mimi ndiye niliyemshika kichwa. Alilia kama mtu. Sasa amepona, ila alama haijafutika.

Kwa hiyo mapacha walipozaliwa, Daktari alisema kondoo wa mikia mirefu kama hawa, kwenye zizi lenye tope kama letu, ni afadhali wafungwe kipete cha mpira mkiani. Kipete kinazuia damu, na baada ya wiki mbili au tatu mkia unakauka na kudondoka wenyewe. Hakuna kisu. Ila ni lazima wafungwe kabla hawajatimiza siku saba.

Nilitaka kukuuliza. Huko kwenu mtandao haufiki, na lori linalobeba barua huondoka Ijumaa tu, tena jibu lako lingengoja lori la Ijumaa nyingine. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Nikaazima kitabu cha ufugaji kwenye maktaba ya shule, nikakisoma chote, hata kurasa za bata. Nilitafuta sababu ya kuwaachia mikia yao. Kweli, mkia unafukuza nzi, na kipete kinauma. Nilivipima hivyo na funza niliowaona kwa macho yangu.

Baba aliniambia, "Kondoo ni wa kaka yako, na ahadi ni yako. Mimi nitafanya utakalosema." Nilitamani aamue yeye. Siku ya nne nilimwambia tufunge.

Daktari aliwachoma sindano ya pepopunda, akatuachia koleo na vipete, akanieleza mimi jinsi ya kufunga kwa kuwa Baba alikuwa gereji. Jioni Baba akasema mipira ya kubana imepita mikononi mwake miaka ishirini, hahitaji maelezo. Akamshika yule mwenye doa na kufunga kipete juu kabisa, kwenye shina la mkia. Si unajua bomba la injini hubanwa karibu na injini? Ndivyo alivyofanya!

Daktari alisisitiza kwamba kipande kinachobaki lazima kifunike sehemu za siri za jike, la sivyo atapata madhara ukubwani. Sasa nitayatamkaje maneno hayo mbele ya Baba? Nikasema, "Baba, mkia lazima ufunike... ufunike kila kitu."

"Kila kitu kipi?"

Shangazi akadakia kutoka kwenye cherehani: "Sema, mwanangu! Kondoo mwenyewe hana haya, utaona haya wewe?"

Nikasema, Kaka. Nilisema kwa sauti, jina lake hasa, na Baba akatazama pembeni kama mtu anayetafuta spana. Kisha akasema, "Haya, mwalimu, njoo ukifungue." Shangazi akaleta mkasi wake, ule ambao haturuhusiwi kukatia hata karatasi, nikakikata kipete kabla hakijaleta madhara. Tukapima upya kwa mkanda wake wa kupimia nguo, na mara hii nilifunga mimi, wote wawili, pale ngozi tupu ya chini ya mkia inapoishia.

Sitakudanganya, waliumia. Walijilaza, wakainuka, wakapiga mateke karibu saa nzima. Nilikaa nao kwenye majani mpaka waliporudi kunyonya, nami nikalia kidogo.

Jana mkia wa yule mwenye doa ulidondoka. Kidonda ni kikavu, na kipande kilichobaki anakitikisa kwa furaha akinyonya.

Baba alitaka akuandikie yeye, aseme kosa ni lake. Nilikataa. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Naomba unisamehe kwa kuvunja ahadi niliyokupa, maana hilo linaniuma kila nikipita zizini. Kwa mikia yenyewe siwezi kuomba msamaha, Kaka. Ningefunga tena.

Baba anakusalimu na kusema uvae viatu vizuri kazini. Shangazi anakusalimu na kuuliza lini utamletea mkwe. Msalimie mpishi. Mungu akulinde kwenye mitambo hiyo na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda hata ukinuna,

Miwani